Moshi: kabla hatujafunga kila darasa la likizo

Mzazi wa Moshi akisikia masomo ya likizo, anawaza mambo mawili: hela, na mtihani wa darasa la saba. Ana sababu. Kwa miaka mingi likizo ya Juni imegeuzwa muhula usio rasmi. Mtoto anabebeshwa rundo la mitihani iliyopita, na mada ambayo ilipaswa kufundishwa Machi inafundishwa Juni, kwa malipo. Wizara ya Elimu imeshasema shule zikifungwa zifungwe, watoto wapumzike. Kwa tuisheni ya namna hiyo, sina la kuitetea.

Shida ni kwamba hukumu hiyo sasa inaangushiwa pia darasa la aina nyingine kabisa: watoto wachache wa darasa la tano na la sita, wale wanaouliza uliza, wanaokutana asubuhi kwa saa mbili tatu, bila mtihani na bila kukimbizana na silabasi. Kila mwalimu wa shule ya kayumba, yaani ya serikali, anawajua hawa. Katika chumba cha watoto sabini, swali lao ni kuchelewesha kipindi. Wanaambiwa tutafika huko, na hawafiki. Wakiendelea wanaitwa wajuaji. Wengi hujifunza kunyamaza kabla ya kufika darasa la saba, ambako mtihani wenyewe, kwa sehemu kubwa, ni wa kuchagua jibu na kusiliba.

Chukua mfongo mmoja tu wa Uchagani, ule mfereji wa asili wa kumwagilia mashamba. Ukishuka kwa kasi, maji yanakula udongo. Ukilala mno, matope yanaujaza. Aliyeuchimba zamani hakuwa na vifaa vya wapimaji, lakini maji yalifika kihambani, kwenye shamba la familia. Wape watoto mpira mwangavu uliojaa maji, ule mafundi wanaoutumia kusawazisha msingi, pamoja na futikamba, wakapime wenyewe mfongo unashuka kiasi gani kila baada ya mita kumi. Hapo kuna uwiano, kuna asilimia, kuna historia ya wazee wao, na kuna ugomvi mzuri kuhusu nani amepima vibaya.

Au wachukue kipimajoto kwenye daladala kutoka mjini hadi lango la Marangu, la kupandia Mlima Kilimanjaro. Ni tofauti ya mita 1,000 hivi, na kwa kawaida kila mita 1,000 unazopanda joto hupungua takriban nyuzi 6. Kutoka mjini hadi kilele cha mlima, mita 5,895, ni kama mita 5,000, kwa hiyo nyuzi 30. Mjini kukiwa na nyuzi 25, juu ni hasi 5. Mtoto wa darasa la sita amekokotoa mwenyewe kwa nini kuna barafu karibu na ikweta, na namba hasi zimepata kazi ya kufanya. Halafu atakuja yule mmoja na swali: mbona barafu inaisha? Ndipo mwalimu anawaambia kwamba kati ya 1912 na 2007 ilipotea asilimia 85 hivi ya eneo lililofunikwa na barafu, na asubuhi inayofuata hakuna anayechelewa.

Watetezi wenzangu wanaiharibu kesi hii kwa hoja moja wanayoipenda mno, kwamba likizo inamsahaulisha mtoto. Hoja hiyo imetoka Marekani. Mwaka 1996 mtafiti Harris Cooper na wenzake walipitia tafiti 39, wakakadiria kwamba likizo ya kiangazi humrudisha mtoto nyuma kwa takriban mwezi mmoja wa masomo. Makadirio hayo yamesafiri sana, lakini wale ni watoto wanaokaa nyumbani wiki kumi hivi. Wetu Juni wanakaa kama mwezi, tena wa baridi. Halafu mwaka 2019 Paul von Hippel wa Chuo Kikuu cha Texas alieleza jinsi alivyopoteza imani na matokeo maarufu ya utafiti wa likizo kwa watoto wa mji wa Baltimore, ambayo yalitegemea sana namna mitihani ya miaka ya 1980 ilivyopanga alama zake. Mwenye kuuza tuisheni kwa kutishia watu na ule mwezi mmoja anauza kitu kisicho imara.

Ndani ya kazi ile ile ya Cooper lakini mna jambo lisilonukuliwa sana. Katika kusoma, watoto wa familia za kipato cha kati walipanda kidogo wakati wa likizo, huku wa kipato cha chini wakishuka. Maelezo ya kawaida ni kwamba wale wa kwanza nyumbani kwao kuna vitabu na watu wenye nafasi ya kujibu maswali. Basi tujiulize hapa Moshi mtoto wa mama muuza ndizi akitaka kitabu Juni anakipata wapi, na akiuliza jambo anajibiwa na nani. Kumwambia apumzike ni sawa, lakini kwa mtoto wa aina hii kupumzika mara nyingi ni kukaa na swali lake peke yake.

Wanaopinga si watu wabaya. Mtoto anayeamka saa kumi na moja alfajiri kusubiri basi la shule amechoka, na Desemba ya kihambani kwa bibi, kukata majani ya ng'ombe na kucheza na binamu, ni elimu ambayo hakuna darasa litakaloishinda. Desemba nawaachia yote. Hoja inayonipa shida ni nyingine: ukiruhusu darasa la watoto kumi na tano wenye maswali, mwaka unaofuata mwenye shule atalijaza watoto themanini na mitihani iliyopita, kwa jina lile lile. Nakubali, atafanya hivyo. Ndiyo maana shule zisipewe madarasa haya. Yafanyike kwenye maktaba ya mkoa, kumbi za parokia na za sharika, chini ya walimu wastaafu ambao mji huu unao wengi. Darasa la saba wasipokelewe kabisa. Afisa elimu akipita akakuta karatasi za mtihani mezani, afunge siku hiyo hiyo.

Na isiwe ya wenye nacho. Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, kina kituo cha vijana wenye vipaji tangu 1979. Kwa miaka mingi walioingia walichujwa kwa mtihani, na ada ya kambi zake za likizo ni maelfu ya dola. Sisi hatuhitaji mchujo huo. Mwalimu wa darasa ataje wale wanaomsumbua kwa maswali, wa kayumba wakae na wa mchepuo wa Kiingereza, wazungumze Kiswahili, na gharama iishie kwenye nauli ya daladala na sufuria ya makande.

Haraka ninayoiona inatokana na mtaala mpya. Mwaka 2027 darasa la sita na la saba watamaliza pamoja, na baada ya hapo elimu ya msingi ni miaka sita. Darasa la nne lina upimaji wake wa kitaifa. Mwaka pekee utakaobaki katikati, ambao mtoto anaweza kuuliza jambo lisilokuja kwenye mtihani, ni darasa la tano, na tayari kuna shule zinazoulizia wazazi kama wako tayari kuchangia makambi ya masomo ya mwaka huo.