Bei ya tani moja ya makaa haitoshi kuamua

Mwandishi wa makala ninayoijibu hapa anapendekeza treni za makaa ya mawe zirudishwe kwa sababu dizeli imepanda bei, lakini amepima bei ya tani moja tu na kusahau kazi inayofanywa na tani hiyo. Kichwa cha treni cha mvuke cha kawaida hugeuza chini ya asilimia 10 ya nishati iliyomo katika makaa kuwa mwendo, na sehemu kubwa ya inayobaki hupotelea kwenye bomba la moshi. Nchini Afrika Kusini, ambako makaa ni tele, mhandisi David Wardale alikifanyia marekebisho kichwa namba 3450 mwaka 1981, kikapunguza matumizi ya makaa kwa zaidi ya robo, na bado reli za huko zikaendelea kuhamia dizeli na umeme. Naamini kilichoushinda mvuke ni kazi ya mikono: kuwasha moto saa nyingi kabla ya safari, kujaza maji njiani, kukwangua majivu, kuzibua mirija ya boila iliyojaa masizi. Kama ni lazima makaa yavute treni, basi yachomwe kwenye kituo cha umeme, ambako zaidi ya asilimia 30 ya nishati hiyo hupatikana, kisha umeme upitishwe kwenye nyaya zilizo juu ya reli.