Kamera, heroe na hatima ya Ziwa Natron

Wanaosema kamera huwasumbua ndege pori hawasemi uongo. Mei 2021 droni ilianguka katikati ya viota vya buabua katika hifadhi ya Bolsa Chica, California. Ndege wapatao 3,000 walitimka, wakatelekeza mayai kama 1,500. Hoja hiyo naikubali. Nisichokikubali ni hitimisho kwamba kamera zote zizimwe.

Tazama Ziwa Natron, kaskazini mwa Tanzania. Takriban robo tatu ya heroe wadogo wa dunia nzima huanguliwa pale. Takwimu hii hutajwa sana, kisha hupitwa haraka mno. Maana yake ni kwamba mtalii anayepiga picha za heroe katika maziwa ya Bogoria, Nakuru au Manyara, kwa kawaida ana mzaliwa wa Natron mbele ya lenzi. Kila jozi hutaga yai moja tu, juu ya kichuguu cha tope ndani ya ziwa. Maji yakizidi, viota vinazama; yakipungua, fisi na mbweha wanavuka kwa miguu. Wala hakuna ziwa la akiba la kutegemewa. Mwaka 1962 mafuriko yaliwahamishia Ziwa Magadi, Kenya, na maelfu ya makinda wakafungwa miguu na chumvi iliyoganda kama pingu, hadi watu wakaingia kuwafungua mmoja mmoja.

Na viota hivyo havifikiki. Leslie Brown, aliyegundua mwaka 1954 kwamba heroe huzaliana Natron, alijaribu kuwafuata kwa miguu, tope la magadi likamuunguza vibaya hata akalazwa hospitali. Ndiyo maana mwaka 2006, ulipoletwa mpango wa kiwanda cha kuzalisha tani 500,000 za magadi kwa mwaka, mezani kulikuwa na ajira na mapato yanayohesabika, dhidi ya ndege ambao ni watu wachache mno waliowahi kuwaona wakiatamia. Ajira kwa watu wa Longido na Ngorongoro si jambo dogo. Lakini ushindani ule haukuwa sawa.

Mwaka 2008 ilitoka filamu ndefu iliyopigwa palepale ziwani. Sisemi ndiyo iliyosimamisha kiwanda. Wanasayansi na vyama vya kutetea ndege walikwisha kuipinga tathmini ya athari kwa mazingira. Filamu iliwaonyesha watu kile ambacho ripoti zilikuwa zikikieleza kwa majedwali: kinda akitembea juu ya chumvi kutafuta maji yasiyo na chumvi. Baadaye, badala ya Natron, serikali iliyageukia magadi ya bonde la Engaruka.

Kwangu mimi, lawama iliyo nzito kuliko ya droni ni kwamba picha hupigwa kwetu, zikahaririwa na kuuzwa mbali. Hilo linarekebishika kwa kibali. Atakayepewa ruhusa ya kupiga filamu Natron azuiwe kurusha droni juu ya viota, akabidhi picha zake zote, zenye tarehe, kwa Taasisi ya Utafiti wa Wanyamapori, TAWIRI, ili viota vihesabiwe, na filamu yake ionyeshwe Engare Sero, kijiji cha kando ya ziwa, kwa Kimaasai kabla ya kuonyeshwa popote pengine.