Rambirambi ya Euro 20

Mwaka 2018 nilikwenda Paris kumsalimia mdogo wangu wa kike aliyeolewa huko. Siku ya tatu akaniambia, "Kaka, leo niko kazini. Nenda Père Lachaise ukaone makaburi." Nikamkodolea macho. Kwetu Tanga mtu haendi makaburini kupunga upepo. Unakwenda kuzika, ukimaliza unarudi zako. Akasema kuingia ni bure. Hapo nikaanza kutafuta viatu.

"Ila chukua mtu wa kukutembeza, utapotea."

Nikauliza bei ya huyo mtembezaji. Nikaona afadhali nipotee.

Lakini pale ni mji kabisa. Hekta 44, kama viwanja 60 vya mpira, na njia zina majina na vibao. Eti walipopafungua mwaka 1804 watu wa Paris walipasusa, wakisema ni mbali. Wenyewe wakafanya kama mwenye baa mpya anayeleta msanii mkubwa: mwaka 1817 wakahamishia pale mabaki ya waandishi wakubwa wa Kifaransa, Molière na La Fontaine. Wateja wakamiminika. Kaburi la mwandishi Oscar Wilde nalo nililikuta limezungushiwa kioo tangu 2011, maana mashabiki walikuwa wanalibusu na lipstiki zao mpaka jiwe likaanza kulika.

Elimu hii yote niliipata kwa kusimama nyuma ya kundi la watalii wa Kiingereza, nikijifanya nafunga kamba za viatu. Nilizifunga mara nne. Ya tano mtembezaji wao akanitazama vibaya, nikahama.

Nilikuwa nimebakiza kaburi la Chopin, yule mtunzi wa muziki wa piano. Karibu na niliposimama kuna jengo kubwa lenye kuba, na watu kama ishirini walikuwa wanatoka, wengi wana maua, na mbele yao mzee mwenye suti nyeusi kakumbatia kiboksi. Nikasema moyoni, huyu ndiye mtembezaji wao, na ile ni spika. Nikaunga tela.

Kundi lilikuwa kimya ajabu. Nikamgusa bega kijana mmoja: "Chopin?" Akanitazama na macho mekundu, akanyoosha kidole mbali kule bondeni. Nikaelewa kwamba tutapitia baadaye.

Tukasimama. Kikapu cha petali za waridi kikapitishwa, nikachota konzi nzuri nikatia mfukoni, zawadi ya mama. Halafu yule mzee akapiga magoti, akaanza kuishusha spika shimoni.

Jamani, spika inazikwa?

Kumbe lile jengo la kuba ndiko wanakochomea maiti, tangu 1889, kile kiboksi kina majivu ya marehemu, na Père Lachaise bado wanazika kama kawaida. Nami niko katikati ya wafiwa na jezi yangu ya Yanga, kijani na njano, inawaka kama taa ya barabarani. Kuondoka nikashindwa, nyuma watu wamejaa, na mimi nimelelewa kwamba mazishini hutoroki. Zamu yangu ilipofika nikachomoa petali zote mfukoni, nikazimwaga, nikainamisha kichwa.

Ukaja mstari wa kutoa pole. Kifaransa changu ni bonjour na merci, na kumwambia mjane "asante" nikaona si vizuri. Nikamshika mkono kwa mikono miwili: "Pole sana, mama. Mungu awape subira." Akaangua kilio, akanikumbatia. Hapo akili ya nyumbani ikanitawala: nikatoa euro 20, nikazikunja kidogo kidogo, nikazisokomeza kiganjani mwake. Mama akazikunjua mbele za watu, akazigeuza upande huu na ule, kama mtu aliyepewa risiti ya kitu asichonunua.

Yule kijana wa macho mekundu akanisogelea, akaniuliza kwa Kiingereza: "Ulifahamiana vipi na babu?"

Uongo nikautafuta, haukuja. "Tumefahamiana leo," nikamwambia.

Nilitembea kwa haraka ya heshima mpaka kwenye kona, kisha nikatimua mbio mpaka kituo cha metro. Pale getini nikaingiza mkono mfukoni kutafuta tiketi. Nikatoa petali moja ya waridi. Tiketi kaondoka nayo babu.