Mnyama Kasajiliwa Jangwani

Paka aliyetoka kufungwa kizazi anatakiwa atulie siku 10 hadi 14. Asiruke, asipande, asioge, asijilambe. Nyumba ya kupanga ya Magomeni, yenye uwani mmoja na redio kila chumba, haijawahi kutulia hata dakika 14, na huko ndiko mama mdogo alikomrudisha mgonjwa wake: kipaka jike wa miezi mitano, kilo mbili kasorobo, jina lake Mnyama. Jina lilitolewa na baba mdogo, mwana-Msimbazi wa kufa na kuzikana, yaani shabiki wa Simba, timu inayoitwa Mnyama, kabla hajaambiwa kuwa ni jike. Alipoambiwa alijibu kwamba Mnyama ni Mnyama.

Mimi kazi yangu ni uhudumu wa mifugo, kwa hiyo niliitwa nije nikae na mgonjwa. Katika ukoo wetu maana yake nitoe maelekezo, wayasikilize kwa heshima zote, kisha wafanye yao.

Kilio cha kwanza kilipigwa usiku uleule. Mnyama kalala kwenye boksi macho kodo, hapepesi, mboni zimetanuka mpaka rangi ya jicho haionekani.

"Mwanangu, njoo! Kiumbe wa watu kakata roho macho wazi!"

Hajakata. Nusukaputi ya paka mara nyingi huwa na ketamini, na ketamini haifungi kope. Paka analala fofofo huku anakutazama. Ndiyo maana daktari humpaka mafuta ya macho wakati wa upasuaji, jicho lisikauke. Ukitaka kujua kama yuko hai, tazama mbavu, halafu mnyanyue mdomo uone ufizi. Unatakiwa uwe wa pinki. Ukiubonyeza kwa kidole unapauka, ukiachia rangi irudi kabla sekunde 2 hazijaisha. Ufizi ukiwa mweupe au wa bluu, hapo ndipo watu wakimbie kwa daktari.

Mama mdogo akabonyeza, rangi ikarudi. Akaita majirani waje kuona. Mpaka saa nne usiku wapangaji walikuwa kwenye foleni ya kubonyeza ufizi wa paka, na jirani wa chumba cha mbele alikuwa ameshaanza kubonyeza wa kwake, akaondoka na wasiwasi.

Ugomvi halisi ulikuja niliposema feni izimwe.

"Dar hii?" akauliza baba mdogo, kifua wazi, taulo begani.

Dar hiihii. Mnyama mdogo akitoka kwenye nusukaputi mwili wake unakuwa bado haujarudia kujipasha joto, hata kama wewe unatiririka jasho. Boksi likae sakafuni, kanga iliyokunjwa ndani yake, mbali na upepo. Lisiwekwe kitandani, maana miguu ya paka bado inayumba na akianguka ataangukia mshono. Chakula cha jioni ile ni robo tu ya kawaida, kwa sababu tumbo lenye dawa hutapika. Akipitisha saa 24 hajagusa kitu, mpigie daktari. Tukaafikiana: feni ibaki, boksi lihamie nyuma ya kabati. Baba mdogo alilala upande wa feni, akahesabu kuwa ameshinda.

Asubuhi matabibu wakawasili. Bibi mwenye nyumba kaleta majivu ya jikoni kwenye kisosi. Jirani wa chumba cha mbele kaleta ile dawa ya vidonda inayogeuka maziwa ikikutana na maji. Kijana wa bodaboda kaja na spiriti. Mama mdogo, bila kumwambia mtu, alikuwa anasaga nusu ya Panadol kwenye uji.

Hiyo ya Panadol nilimnyang'anya kijiko, heshima baadaye. Ini la paka haliwezi kuivunja parasetamoli inavyotakiwa. Inageuka sumu, damu inashindwa kubeba hewa, ufizi unakuwa wa kahawia, uso na nyayo vinavimba. Kidonge kimoja cha miligramu 500 kinatosha kumuua paka mkubwa. Huyu wa kilo mbili kasorobo hata hiyo nusu asingeimaliza salama. Ibuprofeni na diklofenaki nazo zisimsogelee. Dawa ya maumivu ya paka ni ile aliyochoma au kukupa daktari, kwa kipimo chake, basi.

Ile inayogeuka maziwa ni jamii ya fenoli, na ini lilelile ndilo lingeambiwa kuisafisha, kwa sababu paka huifyonza kwenye ngozi halafu huilamba. Spiriti inaunguza nyama mpya inayoanza kushikana. Majivu yanaingiza uchafu na yanaficha kinachotakiwa kutazamwa. Mshono mzuri unaachwa mkavu, haupakwi kitu, unatazamwa asubuhi na jioni.

Bibi mwenye nyumba aliguna. "Umekaa Morogoro miaka yote hiyo unasoma, umerudi kutuambia kidonda kisipakwe kitu?"

"Ndiyo, bibi."

"Ada ililipwa bure."

Choo nacho kilizua kikao. Mchanga wa kawaida una vumbi na unaganda kwenye mshono, kwa hiyo nikasema tutumie magazeti yaliyochanwachanwa kwenye beseni. Magazeti ya nyumba ile ni ya michezo matupu. Baba mdogo alikaa chini akayapitia ukurasa kwa ukurasa, akatenga upande mmoja picha zote za wachezaji wa Simba, akakabidhi zilizobaki. Mnyama akajisaidia juu ya Yanga, watani wa Jangwani, peke yake tangu mwanzo mpaka mwisho wa matibabu. Jambo hilo nalitaja kwa sababu ya yaliyofuata.

Sasa kola. Ile ya plastiki ya shingoni, ambayo watoto wa uwani waliibatiza Dishi. Wengi wanaona ni mateso. Ulimi wa paka una vijiba vigumu vilivyoelekea nyuma. Akijilamba anakwangua, na dakika chache zinatosha kuchomoa uzi. Kola sahihi inapita pua kwa sentimita 2 au 3, na shingoni vidole viwili vinapenya. Ikiwa fupi kuliko hapo, paka anapinda mgongo na kuufikia mshono kwa raha zake. Siku ya kwanza atatembea kinyumenyume na kugonga kila mlango. Atazoea. Chakula mwekee kwenye kisosi chembamba kilichoinuliwa juu ya kopo, kingo za kola zishuke pembeni yake.

Mnyama alizoea. Asiyezoea ni mama mdogo, anayeuza mafuta ya kula ya kupima, na ambaye faneli yake ilikuwa imepasuka. Kola ya paka ni plastiki bapa inayokunjwa. Ukiikunja zaidi, tundu dogo linaingia kwenye mdomo wa chupa bila kumwaga hata tone. Nilirudi kutoka sokoni nikakuta foleni ya wateja, chupa zimejipanga, na mgonjwa yuko chini ya meza amenyanyua mguu anautafuta uzi.

"Nimemvua dakika tano tu, mwanangu. Wateja walikuwa wananisubiri."

Kola ilikuwa inanuka alizeti. Haikurudishika shingoni, angeshinda anailamba, na matone yangeshuka hadi tumboni. Ikabidi nishone nguo ya dharura. Nguo nzuri ni mkono wa fulana ya pamba ya mtoto, au mguu wa taiti ya mtumba. Havikuwepo. Kwenye kamba kulikuwa na soksi za kuchezea mpira zimekauka, mali ya mtoto wa jirani wa chumba cha mbele. Kijani, yenye mistari ya njano. Baba mdogo alikuwa kazini.

Kata sehemu ya wayo utupe, ubaki na bomba refu. Lipime toka shingoni hadi kabla ya shina la mkia. Toboa matundu mawili ya miguu ya mbele, kama sentimita 3 kutoka ukingo wa shingo, kila moja la upana wa kidole gumba. Kipaka akivuta, litatanuka. Mawili ya nyuma toboa baada ya kumvisha, ili yasikae vibaya. Chini ya mkia pakatwe pabaki wazi kabisa, la sivyo atakojolea nguo na mkojo utalala kwenye mshono. Ikibana sana inazuia hewa na kutunza unyevu. Ikilegea, mguu unaingia ndani na paka ananasa. Soksi ya nailoni kwa joto la Dar ni ya usiku mmoja tu, kesho yake itafutwe pamba.

Akishavishwa, paka huanguka ubavu na kujifanya kapooza. Usihangaike, hana ugonjwa wowote, amenuna.

Sikuwa nimeitazama kalenda. Jioni ile ilikuwa dabi.

Televisheni ikatolewa barazani, spika mbili, mabenchi pande mbili, muuza chipsi akasogeza meza yake. Mnyama nilimfungia chumbani. Wakati wa mapumziko mtoto mmoja akatumwa kiti, akauacha mlango wazi. Kipindi cha pili bao likaingia. La nani tuyaache, ile nyumba bado haijapona. Kelele iliyopigwa ilimtoa Mnyama chumbani akiwa hewani.

Alikanyaga uwani, akakanyaga meza ya chipsi, akamaliza safari begani kwa baba mdogo, juu ya jezi nyekundu, yeye mwenyewe amevaa kijani na njano shingoni hadi mkiani.

Benchi la Yanga lilisimama lote.

"Mnyama kasajiliwa!"

"Kasaini Jangwani! Dirisha dogo hilo!"

Baba mdogo aligeuka taratibu akamtazama. Sijawahi kuona mtu anaumizwa namna ile na kilo mbili kasorobo. "Nani kamvisha?" Hakusubiri jibu, akaishika soksi na kuanza kuivuta. Nikapiga kelele asivute, kwa sababu kitambaa kinaweza kuwa kimeshika fundo la uzi, na ukivuta unachana. Hapo ndipo mtu akaona doa. Jekundu, pana, tumboni kabisa, linatonata.

"Utumbo! Utumbo umetoka!"

Televisheni ikazimwa. Katikati ya dabi, na hakuna aliyelalamika. Bibi mwenye nyumba akaanza kuulizia majivu yake.

Nilimfunika Mnyama kwa kanga, nikamnyanyua mkono mmoja chini ya kifua na mwingine chini ya makalio. Asining'inizwe kwa ngozi ya shingo, maana tumbo linavutika. Nikasogeza pua kwenye doa. Lilinuka siki, na damu haina siki. Ilikuwa tomato ya chipsi.

Lakini paka aliyeruka hivyo lazima akaguliwe, tomato au si tomato. Nikaikata soksi kwa mkasi kupitia mgongoni, mbali na mshono, taa ya simu juu. Mshono ulikuwa chini ya kitovu, haukuzidi sentimita 2, kingo zimegusana, fundo la pembeni limechokonoka kidogo lakini limeshika. Ubichi na uwekundu hafifu unaruhusiwa siku za mwanzo. Usioruhusiwa ni mwanya, usaha, harufu, joto linalozidi, damu inayodondoka bila kukata, au uvimbe laini unaokua kila ukitazama. Na kama kweli kitu kingekuwa kimetoka nje, hakirudishwi ndani kwa vidole: unakifunika kwa kitambaa safi kilicholoweshwa maji safi na unaondoka naye wakati huohuo. Tomato niliiondoa kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, nusu kijiko cha chai cha chumvi kwa robo lita, kwa kugusagusa bila kusugua, kisha nikakausha kwa shashi.

Televisheni ilipowashwa mpira ulikuwa umeisha.

Mama mdogo alinunua taiti ya mtumba, rangi nyeusi, isiyo na chama. Kola ikabaki dukani mpaka leo. Siku chache baadaye akanivamia tena amekishika kidole hewani: chini ya mshono kuna kitu kigumu, kadiri ya punje ya njegere. "Wamemsahaulia kijusi ndani!" Hakikuwa kijusi. Ni mwili unapambana na uzi wa ndani, ule unaoyeyuka wenyewe. Kivimbe kikiwa kidogo, kigumu na hakiongezeki, kinaisha chenyewe baada ya wiki chache. Unakigusa kwa upole, hukibonyezi. Aliniahidi hatakibonyeza. Foleni ya kubonyeza ilikuwa imeshaanza nyuma yake.

Nyuzi za nje zilitolewa na daktari siku ya 12. Kesi iliyobaki ni ya soksi. Jirani wa chumba cha mbele anataka jozi mpya, kwa sababu soksi moja haichezi mpira. Baba mdogo amesema yuko tayari kulipa, ila fedha yake haitanunua kijani. Kanunua jozi nyekundu, kampelekea mtoto kwa mkono wake mwenyewe. Mtoto kazipenda. Baba yake amezitundika kwenye kamba ya uwani, na kila anayepita anaambiwa kwamba zinangoja paka mwingine.