Kidude cha Ukutani Hakijui Kusema "Baba Hayupo"

Jamani, mimi nilichotaka ni joto. Sikutaka mpangaji, sikutaka mpelelezi, sikutaka mtu wa kuandika saa ninazoamka kwenda chooni. Joto tu. Mtu aliyezaliwa Temeke, jua likamlea kama shangazi, ukimleta Minneapolis, Marekani, mwezi wa Januari hata kupiga chafya anaogopa, isije ikaganda ikamrudia.

Bili ya gesi ilikuwa inakuja kama mahari, tofauti ni kwamba mahari unatoa mara moja. Shemeji yangu, mdogo wake mama watoto, kijana fundi wa kila kitu kinachochajiwa, akaja na dawa: kidude cha mraba cha kufunga ukutani, themostati yenye akili. Kinajifunza mnalala saa ngapi, mnaamka saa ngapi, na kina kijicho cha kuhisi mtu akipita. Mkitoka kinapunguza joto, mkirudi kinapandisha. Kilitengenezwa na kampuni changa, jina nalihifadhi; kwenye boksi waliweka picha ya familia inacheka, hakuna hata mmoja aliyevaa koti. Shemeji akakifunga, akakiunganisha na simu yangu, na ya dada yake, na yake mwenyewe, "ili niwe naangalia kama kinafanya kazi." Nikasema sawa. Kamba nilijivisha mwenyewe.

Sisi wa uswahilini tunajua siri ya nyumba ilivyo nyembamba. Ukikaanga samaki, mtaa mzima unajua leo kwa fulani mambo yamenyooka. Ila palikuwa na ulinzi mmoja unaoshinda kufuli: "Kamwambie baba hayupo." Mgeni anajua upo. Anakusikia unakohoa, kandambili zako ziko mlangoni. Lakini anasema, "Haya, akirudi mwambie nilipita," anaondoka, na heshima inabaki pande zote mbili. Huo ndio ulikuwa mfumo wetu wa usalama wa taarifa. Haukuhitaji nywila.

Sasa mwaka jana kukawa na kamati ya harusi. Nilikuwa nimeahidi dola 300, ahadi ya mtu aliyetoka kushiba pilau. Mweka hazina wa kamati, nani mwingine, shemeji. Jumamosi asubuhi simu inaita. Nikampa binti yangu wa miaka tisa: sema baba hayupo, kaenda kazini. Mtoto akasema vizuri kabisa, mpaka nikajisikia fahari. Upande wa pili kimya kidogo, halafu nikasikia, maana sauti ilikuwa juu: "Mwambie baba kidude kinaonyesha kuna mtu anazunguka hapo sebuleni, na joto limepandishwa hadi 74 za Fahrenheit dakika tatu zilizopita. Na wewe mjomba wangu hufiki pale kilipo."

Binti akaniangalia. Akakiangalia kidude. "Baba, anasema upo."

Nililipa siku ileile.

Nikajisemea, si kitu, hii ni aibu ya ndani, shemeji ni ndugu. Wiki mbili baadaye ikaja barua pepe yenye kichwa cha furaha: kampuni changa imejiunga na familia kubwa. Tafsiri yake: imenunuliwa na moja ya yale makampuni manene ya teknolojia, yale ambayo ukiwaza ugali tangazo la unga limeshafika. Masharti mapya yako hapa chini, bonyeza "Nakubali." Nilitafuta kitufe cha "Ngojeni kwanza nizungumze na wazee," hakipo. Kule nyumbani redioni husemwa "vigezo na masharti kuzingatiwa" kwa kasi ya mtu anayekimbizwa na mbwa. Hapa wanakuandikia yote, kurasa kwa kurasa, mwisho wake ni uleule.

Fikiria Mangi wa pale dukani kwenu. Mangi ana daftari la madeni, na daftari lile ni historia ya mtaa. Anajua nani amehama kutoka kilo ya mchele hadi nusu. Anajua nani ameanza kununua pampasi na hajatangaza ndoa. Hatukuwahi kulalamika, kwa sababu Mangi ni wetu, anakaa palepale, na yeye naye tunamjua anachomficha mkewe. Sasa siku moja Mangi anauza duka kwa bwana mmoja ambaye tayari ana benki, ana gazeti, na ana daftari za maduka yote ya mkoa. Sukari ni ileile, mizani ileile. Lakini daftari limeenda. Na wewe uliyeandikwa mle hukuulizwa, umeuzwa pamoja na rafu.

Basi nikaanza kusoma. Kazi yangu ni kulea wazee zamu ya usiku; wao wanalala, mimi nina simu na wasiwasi. Nikakuta kumbe kisa changu ni kidogo, wakubwa walishacheza mchezo huu zamani. Januari 2014 Google ilitangaza kuinunua Nest kwa dola bilioni 3.2. Nest ilikuwa inatengeneza themostati na ving'ora vya moshi, mwanzilishi wake mmoja ni Tony Fadell, yule aliyeshiriki kuunda iPod kule Apple. Bilioni 3.2 kwa watu wa themostati! Watu wakauliza, na taarifa zetu? Wakajibiwa zitatumika kwa bidhaa na huduma za Nest tu. Mwaka 2019 ukafika, wenye akaunti za Nest wakaanza kuambiwa wahamie akaunti za Google. Posa ilikuwa ya binti mmoja, leo umekaa mezani na ukoo mzima.

Mwaka huohuo ndiyo kukawa na ile ya maikrofoni. Kifaa chao cha ulinzi wa nyumba, Nest Secure, kilikuwa sokoni tangu 2017. Februari 2019 wakatangaza kwa furaha kwamba sasa unaweza kuongea nacho. Watu wakashtuka: kuongea nacho kwa sikio lipi? Kumbe maikrofoni ilikuwemo siku zote, ila kwenye maelezo ya bidhaa haikuandikwa. Google wakasema lilikuwa kosa, haikukusudiwa iwe siri, na tena haikuwa imewashwa. Ni kama fundi akuuzie kabati, baada ya mwaka na ushee akupigie: "Samahani mzee, tulisahau kukwambia, mle ndani yumo mpwa wetu. Lakini usiwe na wasiwasi, muda wote alikuwa amelala."

Na msidhani wadogo ni malaika. Ring, wale wa kengele za mlangoni zenye kamera, walinunuliwa na Amazon mwaka 2018. Mwaka 2023 tume ya biashara ya Marekani ikaiwajibisha Ring, dola milioni 5.8, na moja ya mambo yaliyotajwa ni mfanyakazi aliyekuwa akitazama video za wateja wanawake, kamera zikiwa vyumbani na bafuni. Hilo lilitokea 2017, kabla ya kuuzwa! Kwa hiyo tajiri hakuleta shetani. Alilinunua jini na chupa yake. (Swali langu kwa mnunuzi wa kamera ya bafuni ni moja tu, nalo nitaliuliza faragha.)

Kuna na iRobot, wenye ile mashine ya Roomba inayofagia yenyewe huku inachora ramani ya nyumba. Amazon ilitaka kuinunua mwaka 2022, Ulaya wakaweka ngumu, posa ikavunjika Januari 2024. Mimi nikashangilia, kwamba ramani za uvungu wa watu zimepona. Desemba 2025 iRobot ikaenda mahakamani kufilisika, ikaangukia mikononi mwa kampuni ya Kichina iliyokuwa ikiitengenezea mashine na kuidai. Binti kanyimwa kuolewa na tajiri, kachukuliwa na mwenye deni. Ramani sijui... aah, tuache.

Karani wa sensa kule nyumbani anakuja mara moja kwa miaka 10, anapiga hodi, ana kitambulisho shingoni, na anakunywa maji akipewa. Hiki changu kinahesabu watu kila dakika na hakijawahi kusema hata hodi.

Mwezi huu Bi Mkubwa katutembelea. Ndiyo, Januari, tiketi ilikuwa rahisi. Siku ya kwanza amekaa sebuleni na tasbihi yake, kila akiinuka kidude kinawaka taa. Akikaa kinazima. Akiinuka kinawaka.

"Mwanangu, hicho kinaniangalia?"

"Hapana mama, kinapima joto."

"Joto langu linakihusu nini?"

Nikamweleza yote, shemeji, kampuni changa, kampuni nene, daftari la Mangi. Akasikiliza hadi mwisho, hakusema neno. Akaingia chumbani, akatoka na kanga, akapanda kwenye stuli akiwa na miaka 71, akaitundika juu ya kidude na pini mbili. Nikasoma jina la kanga: NILIJUA MTASEMA.

Mama watoto alitaka kuitoa, nikamwambia jaribu wewe, mimi simo. Haikujaribiwa.

Sasa kidude kikiwa ndani ya kanga hakioni mtu. Kikangoja, kikatafakari na akili yake yote, kikaamua tumesafiri, kikashusha joto hadi 60 ya kwao, ambayo kwa mtu wa Temeke ni taarifa ya msiba. Usiku ule tulilala na makoti. Asubuhi chai ilipoa kabla sijaipuliza. Nikanyoosha mkono kuiondoa ile kanga, potelea mbali, wajue kila kitu, waandike.

Simu ikalia ujumbe. Shemeji, kumbe kuna kamati mpya, kipaimara cha mtoto wa jirani yake. "Shem, naona kidude kinasema nyumbani hakuna mtu tangu jana. Mmesafiri nini? Mkirudi mnistue."

Nikaurudisha mkono taratibu. Nikamgeukia Bi Mkubwa, amejifunika mablanketi matatu, pua tu ndiyo iko nje.

"Nani huyo?" akauliza.

"Mchango."

"Mwambie haupo," akasema. "Na nenda kavae soksi."