Ndege mbaya redioni

Mchambuzi mmoja wa mpira, mwenye Kiswahili safi tu, juzi alitaka kutuambia redioni kwamba timu imefungwa mechi ya kwanza ya ligi. Akasema imeanza kwa namna "inauspicious". Mwenzake akaitikia, "Kabisa!" Kabisa nini?

Kufungwa ni kufungwa. Inauspicious ni mwanzo wenye ndege mbaya, mwanzo unaobashiri mabaya ambayo bado hayajafika. Na ndege mwenyewe yumo ndani ya neno: limetoka kwa Warumi, waliotazama ndege kabla ya vita na shughuli kubwa za dola, Kilatini chao kikaunganisha ndege na kutazama. Mtu wa pwani, aliyekua akisikia ndege njema na ndege mbaya, hapo hahitaji kamusi.

Mwaka 249 KK, jemadari wa Kirumi Publius Claudius Pulcher alijiandaa kuwavamia baharini Wakartago, mahasimu wa Roma, huko Drepana, Sisilia. Inasimuliwa kwamba kuku watakatifu, wale wa kutazamia bahati, waliwekewa chakula melini, wakagoma kula. Hiyo sasa ndiyo inauspicious! Jamaa akaamuru watoswe baharini: kama hawataki kula, basi wanywe. (Kuku walikosa nini, maskini?) Akapigwa vibaya, meli 93 zikatekwa.

Kwa hiyo anayelitamka neno hili anapiga ramli, atake asitake. Haya, tuipime ramli yenyewe. Hispania 2010 walianza kwa kufungwa 1-0 na Uswisi, wakabeba Kombe la Dunia. Argentina 2022 walifungwa 2-1 na Saudia, nao wakabeba. Mechi moja haibashiri kitu. Niambie beki wa kulia alikuwa wapi bao linaingia, mambo ya nyota waachie wenyewe.

Wanaoniudhi zaidi ni waandishi wa maisha ya wakubwa. Wanajua fika kwamba mtu wao aliishia kuwa tajiri au rais, lakini lazima watuambie alianza "inauspicious", eti kwa sababu kwao hapakuwa na umeme. Nyumba ya kibatari inabashiri nini? Mtaa mzima ulikuwa na vibatari, na mtaa huo huo umetoa madaktari, wezi na mashehe.

Najua, Waingereza wenyewe siku hizi wanalitumia kwa mwanzo wowote uliokwenda kombo, na kamusi zao hazilalamiki. Sawa, lugha ni yao. Sisi nani katulazimisha?