Gari-nyumba si basi la kuwahi stendi

Familia nyingi zikikodi gari-nyumba Marekani kwa mara ya kwanza huliendesha kama basi la mikoani. Wanatoka Austin, Minnesota, alfajiri, wanaingia Rapid City, South Dakota, usiku, kilomita kama 850, ili kesho yake wapige picha na marais wanne waliochongwa kwenye mlima Rushmore. Umelipia jiko, choo na vitanda, halafu unakula chipsi za sheli. Mimi nasema barabara hiyo ya I-90 igawanywe siku tatu, na vituo vyake vya ajabuajabu ndivyo viwe safari yenyewe.

Anzeni Austin penyewe, kwenye makumbusho ya SPAM, nyama ya kopo ambayo Hormel wanaitengeneza tangu 1937. Kuingia ni bure. Ni nguruwe, kwa hiyo familia ya Kiislamu itavikwepa vipande vya kuonja, lakini habari ya kopo lililofuata wanajeshi wa vita vya pili hadi visiwa vya Pasifiki, likabaki huko kuwa chakula cha nyumbani, mtoto anaishika. Makumbusho makubwa hushindwa hapo: mtoto akifika chumba cha sita, yeye anatafuta choo tu. Kilomita 95 mbele, Blue Earth, kuna sanamu ya jitu la kijani, nembo ya mboga za kopo, lenye mita 17 hivi. Dakika kumi zinalitosha.

Laleni Mitchell, kwenye Kasri la Mahindi. Watu huingia ndani, wakakuta uwanja wa mpira wa kikapu na duka, wakatoka wamenuna. Mambo yako nje. Hindi hupasuliwa kwa msumeno kwa urefu wake, upande bapa ukalazwa ukutani, likapigiliwa misumari, moja baada ya jingine, kufuata mchoro. Rangi haipakwi: wekundu, weusi, unjano na buluu ni punje zenyewe. Michoro hubadilishwa kila mwaka, kwa hiyo anayefika Septemba anaweza kukuta ukuta nusu uko uchi. Aliyekulia kwenye ugali ataona ni kufuru kidogo, na ndege nao wana maoni yao, wanakula.

Jioni hiyo kambini ndipo gari linapoanza kudai haki yake. Kosa linaloharibu safari kuliko yote ni kuiacha koki ya tangi la choo wazi kwa kuwa mpira wa kumwagia majitaka umeshaunganishwa na shimo la kambi. Maji hukimbia, kinyesi hubaki, kikakauka na kujijenga kichuguu ambacho hakiondoki kwa maji ya kawaida. Ifunge mpaka tangi lifike theluthi mbili. Siku ya kumwaga vaa glavu, hakikisha meno ya mpira yameshika kotekote, fungua ya choo kwanza. Ukisikia kimya, ifunge, ndipo ufungue koki ya tangi la maji machafu ya jikoni na bafuni, yausuuze mpira. Ukitanguliza ya jikoni, harufu mtasafiri nayo. Kisha mimina lita 15 za maji chooni kabla hajakaa mtu, na tumia karatasi laini inayoyeyuka haraka. Taa za kipimo usiziamini sana: kipande cha karatasi kilichonata ndani kinatosha kuzifanya ziseme tangi limejaa.

Umeme nao una hesabu yake. Nguzo ya umeme ya kambini ya ampea 30 kwa volti 120 inatoa wati 3,600. Kiyoyozi, maikrowevu na birika la umeme kila kimoja hula kama 1,500. Viwili vinakwenda, cha tatu kinazima nyumba nzima. Anayechemsha chai azime kiyoyozi.

Asubuhi pima upepo wa matairi kabla ya kuondoka, yakiwa baridi. Tangi la maji safi la lita 150 ni kilo 150 za ziada. Kama mnalala kambi yenye bomba, theluthi moja inatosha. Kimo cha gari kiandikeni kwa futi, mkibandike mbele ya dereva, kwa kuwa mabango ya madaraja ni ya futi, na mapaa ya sheli hayasamehe.

South Dakota namba za kutokea barabarani ni maili kutoka mpaka wa magharibi, hivyo Mitchell (332) hadi Wall (110) ni maili 222, karibu kilomita 357. Njiani mnavuka mpaka wa majira, saa hurudi nyuma moja. Hilo ni muhimu kwa kituo kinachostahili nusu siku: maeneo ya kombora la nyuklia la Minuteman. Kituo cha wageni kiko namba 131. Delta-09, namba 116, unachungulia kombora shimoni kupitia kioo. Delta-01, kule chini walikokaa maofisa wawili zamu kwa zamu wakingoja amri ya kurusha makombora, ni lazima uweke nafasi mapema, na kila kundi ni watu wachache sana. Mlango wake wa chuma wanajeshi waliupaka mfano wa boksi la piza, wakiahidi kufikisha popote duniani ndani ya dakika 30. Mtoto wa miaka kumi atacheka, halafu atauliza.

Kabla ya kuliacha gari popote huko, kunja turubai la pembeni. Upepo wa nyanda zile huling'oa na vyuma vyake.

Mjini Wall kuna Wall Drug, duka la dawa lililonunuliwa na Ted Hustead 1931, bado linagawa maji ya barafu bure na kuuza kahawa senti 5. Laleni mjini hapo. Kesho Rapid City ni kilomita 80. Hata mkirudia kahawa, mtafika kabla ya chakula cha mchana.